Abiria wa Mchana

Consolata alipewa kibarua cha kuhesabu abiria wa treni itokayo Mikumi kwa sababu alikaa karibu na stesheni ya Kilosa na aliweza kuchora mistari. Kwa hilo, darasa la tano lilimtosha. Tangu mambo ya biashara yawe ruksa mabasi yalikuwa yamejaa barabarani, na wakubwa wa reli walitaka kujua nani bado anapanda treni, saa ngapi, na wa umri gani. Karatasi ilikuwa na nafasi tatu: watoto, vijana, watu wazima.

Kumuuliza mtu umri wake hakuthubutu. Kila aliyeshuka bila sare ya shule, Consolata alimwamkia shikamoo. Aliyeitikia marahaba alimchorea mstari kwa watu wazima. Aliyecheka, "Shikamoo ya nini, dada, mimi bibi yako?" alimchorea kwa vijana.

Zamu ya asubuhi aliiomba mwenyewe. Mama yake, Filomena, aliondoka na treni ya asubuhi kwenda kibarua cha miwa Ruhembe, Consolata akiwa na miaka saba. Alisema atarudi. Miaka kumi na mitano ilikwisha pita, na kila asubuhi Consolata aliwakodolea macho wanawake wembamba wenye mashavu laini.

"We, mbona unanitumbulia macho, nimekula chako?" mmoja alimfokea. Consolata akainamia karatasi yake.

Jumamosi alikaa na Magreti, mwenzake wa zamu ya mchana, wajumlishe. Karatasi za Consolata zilijaa vijana na wanafunzi. Za Magreti zilijaa watu wazima.

"Wako ndio wenye mbio," Magreti akasema. "Mama mtu mzima ataacha jiko asubuhi? Mpaka apalilie, apike, aoshe vyombo, ndiyo akumbuke safari."

"Na mwenye miaka arobaini?"

"Huyo wangu, shoga. Huko kwako atafuata nini?"

Consolata alizitazama karatasi zake. Mama aliondoka akiwa na ishirini na mitano, na kichwani mwa Consolata hakuwa ameongeza hata siku moja. Wiki nzima alikuwa akimtafuta mama yake kati ya wasichana wa rika lake mwenyewe.

"Tubadilishane zamu," alisema.

"Jua la saa nane utaliweza?"

"Nitaliweza."

Jumatatu mchana alisimama kwenye mlango wa behewa la daraja la tatu. Walishuka kina mama wenye visigino vilivyopasuka na mvi zinazochungulia chini ya vilemba. Aliwatazama usoni, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na paji la uso pana kama lake.

Jina halikuwa na nafasi kwenye karatasi. Aliuliza hivyo hivyo.

"Mama, samahani. Unaitwa nani?"

"Mwamvua. Kwani vipi, mwanangu?"

"Hamna, mama. Karibu Kilosa."

Akachora mstari, akakimbilia mlango wa behewa la pili kabla abiria hawajamaliza kushuka.