Walichokubaliana Wazee Wawili

Siku ya kuanua matanga ya Ngusa, mjane wake alikaa mkekani, mgongo ukutani, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi, na kichwani alikuwa anajibu maswali ya mtihani. Msimlaumu haraka. Tangu apigiwe simu kwamba duara la Mwakitolyo, shimo la dhahabu alimochimba mumewe, limeporomoka naye yumo chini, Scolastika hakuwa amehisi kitu. Uji haukuwa na ladha, maji ya moto hayakumuunguza, na wanawake waliokuja kulia naye waliondoka wakinong'ona kwamba huyu ana moyo mgumu. Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa amekufa ganzi, basi.

Kitu pekee kilichokubali kuingia kichwani ni kijitabu cha maswali alichokitoa kopi. Alikuwa ameomba kazi ya ofisini kwenye mgodi mmoja upande wa Geita, na waombaji walitakiwa kufanya mtihani wa mantiki. Maswali mengi yalikuwa ya watu wawili wanaobishana, nawe utaje jambo wanalopingana. Siku moja, enzi za uhai wake, Ngusa alirudi kutoka kuchimba, akajitupa kwenye kiti na vumbi lake, na Scolastika akamsomea swali.

"Yasini anasema mzigo utoke Mwanza hadi Isaka kwa treni, kwa sababu treni ni nafuu. Tabu anasema uende kwa lori, kwa sababu lori litawahi. Wanapingana juu ya nini?"

"Unafuu," Ngusa alijibu hapohapo. "Na Yasini anasema kweli. Mimi nimepakua mizigo Isaka, najua."

"Hujaulizwa nani mkweli. Tabu amesema treni ni ghali?"

"Hajasema."

"Basi hapo hawapingani. Lazima jambo liwe lilelile, mmoja aseme ndiyo, mwingine aseme hapana. Mzigo upande treni au usipande, ndilo jibu."

Ngusa alicheka, akasema mtihani huo umetungwa na wachawi, na swali lililofuata akakosa vilevile kwa uhakika uleule. Mwanamume yule alikuwa hodari wa kuchukua upande. Kusikiliza watu wawili bila kumshangilia mmoja kulimshinda kabisa.

Sasa alikuwa amezikwa Ushirombo, nyuma ya nyumba ya baba yake, na kikao kilikuwa cha kumjadili mtoto aliyemwacha, Lusia, binti wa miaka minne. Katikati ya ua walikaa wazee wawili. Mmoja ni Mzee Jilala, baba wa marehemu. Wa pili ni Mzee Stanslaus, baba wa Scolastika, aliyepanda mabasi mawili kutoka Shinyanga kuja kusema neno lake. Kati yao alikaa katekista Adam na daftari, kwa sababu wazee hawa wakiachwa peke yao wangeweza kubishana hata juu ya kivuli.

"Ng'ombe nilitoa, mtoto ni wa ukoo huu," alisema Mzee Jilala. "Anabaki hapa kuanzia leo."

Mzee Stanslaus alijipiga paja. "Leo haiwezekani, mzazi mwenzangu. Mtoto hata kuoga hajui. Shule zikifunguliwa Januari nitamleta mwenyewe, kwa mkono huu."

"Mpaka Januari atakuwa amesahau nyumba ya baba yake."

"Kwani nyumba inahama?"

Sauti zikapanda. Mbuzi waliokuwa kivulini wakaondoka. Shangazi yake Scolastika, aliyeketi naye mkekani, akamgusa bega. "Tulia, mwanangu. Baba yako anakupigania."

Na Scolastika aliamini hivyo. Saa nzima aliamini. Kisha kichwa, kwa mazoea tu, kikaanza kazi yake. Mtu wa kwanza, mtu wa pili. Lusia abaki leo: Jilala ndiyo, baba hapana. Hapo wanapingana. Lusia alelewe Ushirombo: Jilala ndiyo. Baba? Akayarudia maneno ya baba yake polepole, akitafuta hapana ndani yake. Haikuwemo. Nitamleta mwenyewe, kwa mkono huu. Baba naye ndiyo.

Walikuwa wanagombania tarehe. Kuhusu mtoto kuondoka mikononi mwa mama yake walikuwa wamekubaliana kabla hata ya kuketi, na hakuna aliyesema hapana, kwa sababu mwenye hapana alikuwa amefunikwa kitenge ukutani.

Katekista akapendekeza Krismasi. Mzee Jilala akanung'unika, Mzee Stanslaus akakohoa, wakapeana mikono, na watu wakashusha pumzi. Jikoni masufuria ya wali yalikwisha kuipuliwa. Likabaki swali la adabu ambalo kila kikao cha namna hii huishia nalo.

"Mjane ana neno?"

Jibu lake linajulikana. Mjane husema nawashukuru wazee wangu, kisha watu hunawa mikono. Shangazi alikwisha kuanza kujiinua akalete maji.

"Ninalo," alisema Scolastika.

Alisimama.

"Baba zangu, shikamooni. Mmebishana tangu asubuhi, lakini juu ya Lusia hamjapingana hata kidogo. Wote wawili mmesema ataondoka kwangu. Mimi nasema haondoki. Katekista, naomba uandike hivyo."

Katekista hakuandika. Alimtazama Mzee Jilala, Mzee Jilala akamtazama Mzee Stanslaus, na Mzee Stanslaus akainamia fimbo yake.

"Scola," alisema baadaye kwa sauti ndogo, "mimi nilidhani nakutetea."

"Najua, baba."

Mzee Jilala akaagiza kigoda kiletwe, kikawekwa katikati, kati ya vigoda vyao viwili.

"Kaa hapa, mayu," alimwambia, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia mama. Hakuwa amekasirika, na hakuwa amelegea. "Sasa tunabishana na wewe. Ukishindwa, mtoto anabaki leo. Sema sababu zako."

Scolastika akakaa. Nje ya ua Lusia alikuwa anacheka na binamu zake, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile mama yake alimsikia hasa. Ganzi ilikuwa imemtoka, mbele ya wanaume wote wale. Alikuwa anaogopa sana.