Bolti Iliyolegezwa

Yonasi alikuwa fundi umeme wa magari mjini Rumonge kwa miaka ishirini na miwili. Kati ya wote aliowafundisha, Agata peke yake ndiye aliyefungua karakana yake, tena ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Tangu hapo Yonasi hakula mchana bila kutazama nani anaegesha kule.

Siku moja Olivier, dereva wa ushirika wa mawese wa Kizuka, alimletea pikapu yao ya kupandia milima. Ikipita kwenye mashimo ilizima ghafla, taa zote zikafa, kisha ikawaka tena. Yonasi alibadilisha fyuzi, akasafisha vichwa vya betri, akapima waya mmoja mmoja. Siku mbili zikapita. Gari ikisimama, ugonjwa hauonekani.

"Shefu, usikasirike," Olivier akasema. "Mizigo inangoja. Ninamuita Agata."

Agata alivuka barabara. "Amahoro, Shefu. Unaniruhusu?"

"Gari si yangu."

Agata alimwomba Olivier awashe injini, akaanza kukunja fungu la waya kidogo kidogo kwa vidole. Alipofika pale linapopenya ukuta wa chuma kuingia kwa dereva, injini ikazima. Akachuna mpira wa waya mmoja: nje mzima, ndani shaba imekatika. Akaunga, akalehemu, akafunika. Nusu saa tu.

"Hii ya vidole alinifundisha Shefu," akamwambia Olivier.

Kweli, Yonasi ndiye aliyemfundisha. Lakini mwenyewe alikuwa ameshaacha kufanya hivyo, na sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Wawili hao walipokwenda kunawa wakicheka, Yonasi alichukua spana akailegeza bolti ya masi, ule waya mnene unaofunga betri kwenye bodi. Akashusha boneti polepole.

Kesho yake mchana Agata alimjia mbio. "Shefu, imezima tena, kwenye mteremko wa Kizuka. Olivier amegonga ukingo. Twende wote, labda mimi nimekosea."

Mwaka mzima Yonasi alitamani kuuona uso huo umejaa wasiwasi. Sasa aliuona, akageuza macho. Alimpakia kwenye pikipiki yake, wakaenda hadi mteremkoni.

Olivier alikuwa ameketi kando ya barabara, paji la uso limevimba. Agata alifungua boneti akaanza kuchana kile alichokiunga jana.

"Acha," Yonasi akasema. "Hapo ulifunga vizuri. Tazama masi."

Agata aliishika bolti, ikacheza mkononi. "Nani ameilegeza?"

"Mimi."

Olivier akainuka. "Mzee, kidogo tu niingie korongoni!"

Agata alikaza bolti hadi mwisho, akafuta mikono muda mrefu.

"Olivier alikuja kwangu kwanza," akasema bila kumtazama. "Mimi ndiye niliyemwambia akuletee wewe. Niliona watu wamepungua kwako."

Akapanda pikapu na Olivier, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata Yonasi alivuka barabara kwa mara ya kwanza. Akasimama mlangoni mwa Agata mpaka mteja akaondoka.

"Nimekosa, mwanangu."

"Nimesikia," Agata akajibu. Hakumpa kiti. Wala hakumfukuza.