Pipeti ya Mzee Nzomo

Asubuhi hiyo mashine ilisema damu ya Mwelu imejaa sukari, na Mutheu akaikatalia mashine. Mtoto ni wake, na ikibidi kitu kidanganye, basi kidanganye chombo. Binti alikuwa amekonda, anakunywa maji mpaka analowesha kitanda. Mama aliyaona yote hayo na bado alitafuta pa kuponea.

"Tuanze na pipeti," alisema Ishmael, mwenzake katika ile maabara ndogo ya Kitengela. "Kama inatoa dawa ya kupimia kidogo, damu haizimuki vya kutosha, lazima sukari isome juu."

Hilo ndilo Mutheu alilotaka kusikia. Aliweka kikombe kwenye mizani, akavuta mililita moja ya maji kwa pipeti, kile kijiti cha kufyonza na kupimia, na kuyamwaga humo. Hesabu yenyewe si ngumu: unachukua uzito wa maji kwa gramu, unazidisha kwa namba ndogo inayotegemea joto la siku, unapata ujazo. Mililita moja hukaribia gramu moja. Mizani ilisoma nusu gramu. Akazidisha, jibu halikusogea. Akarudia, nusu tena. Mezani hapakuwa na tone, na ncha ya pipeti ilikuwa imekauka.

Mutheu alicheka kwa sauti. Dawa nusu, sukari mara mbili! Mtoto ni mzima.

Ishmael hakucheka. Alivuta maji, akayamwaga sakafuni kwanza, ndipo akavuta mengine na kuyapima. Ikaja gramu moja, kasoro ile chembe inayofidiwa na namba ya joto. Akamrudishia Mutheu pipeti; naye alipopima, ikasoma nusu.

"Mama Mwelu, wewe hujampatia mzee yake."

Mzee Nzomo ndiye aliyeianzisha maabara hiyo. Maji ya kwanza, yale ya kulowesha pipeti, aliyamwaga chini kwa ajili ya waliotangulia, kama walivyofanya babu zake Ukambani. Kisha kiangazi kilipokaza, pikipiki ikamharibikia njia ya Mashuuru. Alikutwa amekufa chini ya mgunga, chupa tupu mkononi. Tangu hapo Ishmael humwagia yeye. Mutheu ameokoka, yake huyamwaga kwenye sinki.

Sasa furaha ilimzidi woga. Wokovu ungesubiri kidogo. Alimwaga maji sakafuni, na saruji ikayanyonya upesi mno, hata alama isibaki. Akapima: gramu moja.

"Umeona? Asubuhi sikumpa!" alisema. "Ile dawa ilikuwa nusu. Wacha nirudie damu, utaona iko sawa."

Mwelu alikuwa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi, amekumbatia kikombe chake cha plastiki.

"Mami, mimi nilimpa."

"Ulimpa nani?"

"Huyo mzee ako chini ya meza. Kabla upime damu yangu. Alisema ako na kiu, nikamwagia maji yangu yote."

Ishmael alirudi nyuma hatua moja, akaitazama meza. Hakuna aliyeinama kuchungulia. Basi asubuhi, kabla ya kipimo, mzee alikuwa ameshakunywa; pipeti ilitoa dawa kamili, na mashine haikudanganya.

"Alisema kiu yake na yangu ni moja," mtoto aliendelea, akinyoosha kikombe. "Mami, niongezee maji."

Mutheu aliilaza pipeti mezani. Alichukua kikombe, akakijaza mpaka juu, akampa mwanawe.