Nyekundu Imeiva

Gari la halmashauri liliposimama nje ya zahanati, Recheli, fundi kijana wa umeme, alikuwa amepiga magoti nyuma ya chumba cha kujifungulia, nyaya za mita zikigusa vichwa vya betri. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, na paneli zilikuwa zinachaji tangu kulipokucha. Mita ilisoma volti kumi na mbili na nusu. Akawasha taa ya chumbani. Kabla hajajifuta jasho, namba zilikuwa zinashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ukutani, juu ya betri, kilining'inia kisanduku cha sabuni alichokigeuza mwenyewe kuwa kipimo cha betri, chumbani kwake Gongoni. Ndani yake mlikuwa na risista chache za kupunguza umeme na vitaa vitatu alivyoving'oa kwenye redio zilizokufa. Kijani, betri imejaa. Njano, imefika nusu. Nyekundu, inakwisha. Nesi Apolinaria ndiye aliyemwomba, baada ya taa kuzimika mara mbili mama akiwa kitandani. Hakutaka makubwa. Alitaka kujua mapema kama mwanga utafika mwisho wa kazi.

Miezi miwili baadaye halmashauri ilileta betri mpya, na kitaa chekundu kikaanza kuwaka kila siku. Recheli akabandua pembe ya lebo iliyong'aa. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, yenye tarehe ya miaka saba nyuma. Alimtumia picha Mwalimu Damas, aliyemfundisha kulehemu chuoni na ambaye sasa ni fundi wa halmashauri. Damas alimpigia simu hapo hapo. Alisema ameona, asiogope, atalisema mwenyewe mbele ya kamati itakayokuja kuzikagua betri.

Katika simu hiyo Recheli alimsimulia pia, wakicheka wote wawili, habari za Mzee Shilinde, mlinzi wa zahanati. Siku za mwanzo, enzi za betri ya zamani, mzee alidhani nyekundu ndiyo kujaa. Recheli alimwelekeza, na hakukosea tena.

"Kosa langu, Mwalimu," alisema. "Sikuuliza watu wa hapa wanazisomaje rangi."

Kwa hiyo asubuhi hiyo, Damas aliposhuka garini, Recheli alimwamkia kwa furaha. Damas aliitikia marahaba huku akipekua faili.

Kamati ilikaa kwenye mabenchi ya kliniki. Mwenyekiti, Bi Bertila, alitaka mambo yaende haraka kwa sababu walikuwa na vijiji vingine viwili. Damas akaomba Mzee Shilinde aitwe.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "kisanduku kilipofungwa, taa nyekundu uliielewaje?"

Shilinde akavua kofia. "Siku zile? Nilijua imeiva."

Benchi zima likacheka. Mzee naye akacheka kidogo, akaeleza kwamba yeye ni mkulima wa tumbaku. Jani la kijani bado. Likigeuka rangi ndipo unalitoa kwenye bani la kukaushia.

"Kwa hiyo ilipowaka nyekundu ukaiacha taa iendelee?"

"Siku tatu. Kisha binti akanielekeza."

 Recheli alisimama.

"Mwalimu, siku hizo tatu zilikuwa za betri ya zamani. Unajua. Nilikwambia mwenyewe."

Damas hakumtazama. Alisema hilo halimo kwenye hadidu za rejea. Recheli akaomba kamati itazame lebo. Bi Bertila akasema lebo ni suala la manunuzi, wao wamekuja kwa suala la kiufundi.

Taarifa ilikuwa imeshachapwa. Betri zilipokelewa zikiwa nzima. Zimeharibiwa na kifaa cha kienyeji kisicho na kibali. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mtengenezaji. Damas alimsogezea kalamu, akainama karibu.

"Saini, Recheli. Mkataba wako wa kazi wa Julai niliupigania mimi. Usiniaibishe."

Aliitazama kalamu. Miaka miwili alikuwa akiusubiri mkataba huo. Kisha akamgeukia mlinzi.

"Mzee, betri hizi mpya zikijaa, taa inawaka muda gani?"

"Inaivisha ugali, mwanangu," Shilinde alijibu bila kufikiri. "Maharage haiivishi. Nimepima siku nyingi, inazimika maharage bado magumu. Hawa hawakuniuliza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Bertila akafunga daftari, akasema kikao kimekwisha.

Recheli aliandika kwenye nafasi ya sahihi: *Taa inaivisha ugali, maharage haiivishi. Muulizeni Mzee Shilinde.* Damas aliisoma, akaikunja karatasi mara nne, akatoa nakala nyingine safi kwenye faili. Akaandika: *Amekataa.* Kisha akaenda nyuma, akaomba koleo, na kwa mazoea Recheli akampa lake. Mchana ule, jua likiwa utosini, kitaa kilikuwa chekundu. Damas alikitazama kwa muda. Akakata nyaya za kisanduku.

Gari lilipoondoka, Nesi Apolinaria alikwenda mlangoni, palipobandikwa orodha ya vitu ambavyo kila mama huja navyo kujifungua. Glovu, wembe, kamba ya kitovu, mpira wa kutandika, khanga mbili. Alichukua kalamu, akaongeza chini: tochi.

Mzee Shilinde alikuwa amesimama nyuma yake, kofia bado mkononi.

"Andika na betri zake, Nesi," alisema. "Waambie wabandue lebo kwanza."