Kona ya Nyuma Kulia

Fundi Sumaku hakupata jina lake kwa kupendwa na wanawake, ingawa wageni aliwaambia hivyo. Alilipata kwa kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akakifunga kitambaa ili kisikwaruze rangi. Alikipitisha juu ya bati la gari. Kikishika, hilo ni bati. Kikianguka, hapo pana puti ya kuzibia bati lililobonyea, na muuzaji aanze kutafuta maneno.

Kwa miaka thelathini watu walikwenda naye kutazama magari makuukuu kabla hawajayanunua, kama mtu anavyokwenda na shangazi kutazama mchumba. Shangazi hutazama macho na mwendo. Sumaku hutazama uvungu.

Safari hii aliyemchukua alikuwa daktari wa mifugo, mama mchangamfu mwenye mikono ya kumvuta ndama tumboni na sauti ya kumwita aliyepotea. Alitaka gari, jipu la zamani la kubebea dawa, wasaidizi wake wawili na mara nyingine ndama aliyevunjika mguu, kwenye vilima ambavyo magari mapya huviona kwa mbali yakapiga kona. Alikuwa amesikia lipo moja limetunzwa, mwenyewe amefariki, mjane anauza.

"Liko mtaa gani?" Sumaku aliuliza.

Daktari akamtajia mtaa na rangi ya geti. Sumaku akafunga mkoba wake wa vifaa, akasema, "Twende."

Angeweza kusema kwamba huyo marehemu ni kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Maneno yalikuwapo mdomoni, yalikosa tu wa kuyasukuma. Miezi minne ilikuwa imepita tangu mazishi, na tangu siku ile Sumaku alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unaonekana, ukiufinya hausemi. Msibani watu walimsubiri alie wapate kumshika. Walisubiri mpaka wakachoka, wakashika sahani.

Walifika asubuhi mapema. Jipu lilikuwa limeegeshwa uani chini ya paa la mabati, rangi yake ya kijani imepauka mabegani kama shati la mwalimu. Shemeji yake alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shemeji! Leo umekumbuka njia? Nilidhani kaka yako tulimzika na ramani yako."

"Umenipiga, nimeanguka. Usinikanyage."

"Subirini kwanza," Daktari alisema, akimtazama mmoja kisha mwingine. "Shemeji kwa nani? Fundi, hapa ni kwenu?"

"Ni kwa kaka yangu. Palikuwa."

"Na njia nzima hukuniambia?"

"Ukitaka fundi mwingine, sitanuna."

Daktari alimkagua kama anavyomkagua ng'ombe aliyekataa majani. "Nimeambiwa humwonei haya hata mama yako mzazi. Kweli?"

"Mama alitaka kumuuzia jirani baiskeli. Nilimwambia jirani breki hazishiki."

"Basi fanya kazi yako."

Akaanza na boneti, kwa kiganja. Injini hupimwa ikiwa baridi. Iliyolala usiku kucha haijapata nafasi ya kujipodoa: ikikohoa utaisikia, ikitoa moshi utauona. Muuzaji mjanja huiwasha mapema, mnunuzi akifika anakuta inaimba kama kwaya. Boneti ya jipu ilikuwa na joto.

"Shemeji, limewashwa leo?"

Shemeji yake alitazama upande wa jikoni. "Limewashwa."

"Kwa nini?"

"Gari si huwashwa, shemeji? Au siku hizi mnayachemsha?"

Daktari alicheka. Sumaku alitoa choki mfukoni, akachora alama ya kukosa juu ya tairi la mbele. Kwa muuzaji mwingine hapo angefunga mkoba akaenda zake. Alijua anapaswa kukasirika. Akaitafuta hasira kidogo, hakuiona, akaendelea.

Sumaku ilishika mlango wa kulia, ikashika wa kushoto. Kwenye bati la juu ya tairi la mbele ikaanguka.

"Hapa pana puti."

"Ng'ombe aliligonga," shemeji yake alisema.

"Ng'ombe wa nani?" Daktari aliuliza. "Pengine namfahamu."

Sumaku akatandika gunia, akaingia uvunguni chali na nyundo yake ndogo. Alijua anakokwenda. Miaka kumi na moja nyuma, kutu ilikuwa imeila chesisi, uti wa mgongo wa jipu hili, nyuma kulia mpaka ikawa kama biskuti. Kaka yake alikuwa na kazi iliyokuwa ikimngoja na hakuwa na chesisi nyingine. Wakakata kipande kilichooza, Sumaku akachomelea chuma kingine, wakapaka lami juu yake ili pasionekane. "Wiki mbili tu, mdogo wangu," kaka yake alisema, "mpaka tupate chesisi nzima." Wakakubaliana wasimwambie mtu, na mke wa mtu wasimwambie kabisa.

Aligonga mbele. Ngo. Akagonga nyuma kushoto. Ngo. Akagonga nyuma kulia. Pu, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akakwangua kwa bisibisi, ganda la lami likabanduka, na bisibisi ikazama kwenye chuma mpaka kwenye mpini. Unga wa kutu ulimwangukia mdomoni. Akaulamba, akautema.

Juu, Daktari alikuwa akimweleza shemeji yake habari za fahali anayeogopa kuku, na wote wawili wakicheka. Sumaku alilala pale akiwasikiliza. Siri ya watu wawili haigawanyiki mmoja akiondoka. Anayebaki anaachiwa yote. Akisema, shemeji yake atampoteza mnunuzi wa maana pekee aliyekanyaga ua huu, na kaka yake atakuwa mwongo nyumbani kwake mwenyewe, udongo wa kaburi haujatulia vizuri. Asiposema, kuna Daktari, wasaidizi wawili, ndama, na kilima. Lami kidogo ilikuwa bado imening'inia. Kidole gumba kimoja kingetosha kuirudisha mahali pake.

Akaweka kidole. Akaisukuma ikaziba nusu ya tundu. Kisha kidole kikasimama. Si kwa wema, wala kwa kumwogopa Mungu. Kilisimama tu, kama saa inavyosimama.

Akatoka uvunguni, akajipangusa magoti.

"Dokta, usilinunue. Chesisi imeoza nyuma kulia. Pamewekwa kiraka cha chuma cha kitanda, na juu yake lami. Ukilipakia upande huo ukapanda kilima, linaweza kukatika likakubinua."

"Chuma cha kitanda!" Daktari alishika kiuno. "Mwehu gani huyo aliyefanya hivyo?"

"Mimi. Marehemu alinishikia taa."

Daktari alishusha mikono kiunoni.

"Kitanda gani?" shemeji yake aliuliza taratibu.

"Kile cha chumba cha wageni."

"Aliniambia kimeliwa na mchwa."

"Kitanda cha chuma?" Daktari alisema. "Na mchwa?"

"Nilikuwa nimeolewa, dokta. Niliamini mengi." Akamgeukia Sumaku. "Miaka kumi na moja nimepanda humo na wanangu. Mlikuwa mnajua."

"Tulikuwa tunajua."

Hakupiga kelele. Alizunguka jipu hadi nyuma, akashika kingo zake, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima.

"Nyuma kulia," alisema. "Hapo hakuruhusu mtu akae. Watoto aliwabana kushoto kama chupa kwenye kreti. Pipa la maji kushoto, tairi la akiba kushoto. Nikamwambia gari limeinama kama mlevi, akasema ndivyo linavyopenda. Mama yangu alikaa hapo siku moja. Mume wangu akamsihi, 'Mama, samahani, sogea upande ule.' Mama akasema mkwe wake amemwita mnene mbele ya watu. Mwaka mzima hakukanyaga hapa! Mimi nikamnunia mume wangu mwezi mzima, nampa chakula sisemi neno. Naye anakula, kimya." Akapiga bati kofi moja, si kwa nguvu. "Angesema tu. Jitu zima."

Sumaku hakuwa akijua hayo. Yeye kiraka kile alikisahau siku ya tatu, akaendelea na magari ya wengine. Kumbe kaka yake kila safari alikuwa akikihesabia abiria. Aliona kwamba hapa ndipo mtu hulia. Akasimama, akangoja kwa heshima, kama anayempisha mtu mlangoni. Hakuna aliyepita.

"Mimi nataka gari lenye mifupa," Daktari alisema, sauti yake sasa imeshuka. "Mkiliwekea chesisi nzima, niiteni kabla ya mwingine. Injini nayo vipi?"

"Siwezi kuisemea. Nimeikuta na joto."

"Huwa naiwasha," shemeji yake alisema, bado amewapa mgongo. "Kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo saa aliyokuwa akitoka. Naiacha ingurume mpaka chai ichemke, naizima. Haikuwa kwa ajili yenu."

Sumaku aliinama, akaifuta alama ya choki kwa mkono wa shati. Ilikataa kutoka yote.

"Kesho usiiwashe mpaka nifike," alisema.

"Sijakusamehe."

"Najua. Kwa gari au kwa kitanda?"

"Anzia kwenye kitanda. Gari tutalifikia."

Kesho yake alifika mapema, umande bado uko juu ya mabati, amebeba jeki mbili na msumeno wa chuma. Shemeji yake alitoka amevaa sweta la mumewe, ufunguo mkononi. Hawakusalimiana kwa utani. Sumaku aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi na imelowa.

"Haya," alisema.

Injini ilikohoa, ikakataa. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika kwa kuchechemea, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia.

"Silinda moja inachelewa," Sumaku alisema.

"Ilikuwa ikichelewa hata enzi zake," shemeji yake alijibu kutoka kwenye usukani. "Alikuwa akisema tuingoje, inavaa viatu."

Sumaku aliandika kwenye daftari lake: silinda moja inachelewa. Ilikuwa kweli, na ndiyo kazi yake. Kisha akarudisha kiganja juu ya boneti, na mpaka harufu ya chai ilipotoka jikoni alikuwa hajakiondoa, akingoja bati lipate joto.