Bamba la Kambove

Baba alikuwa na safari ya ndege kesho yake asubuhi, anahamia Kinshasa kwa kaka yangu Dédé, na aliniomba kitu kimoja tu: nimchoree kilima chetu cha Kambove, mbele ya nyumba aliyoishi na mama. Kilima chenyewe hakipo tena. Mgodi umekila, na nyumba pamoja nacho. Hatukuwahi kukipiga picha. Nani hupiga picha kilima? Tulidhani kitatungoja.

Kazi yangu ni kuchora kwa tindikali. Napaka nta juu ya bamba la shaba, nachora kwa sindano, nalitumbukiza kwenye tindikali, nayo inakula pale nilipokwaruza. Kisha wino, karatasi, mashine. Kila kitu hutoka kimegeuka, cha kushoto kikawa kulia, kwa hiyo huchora kinyume bila hata kufikiri. Safari hii hamu ilinizidi. Nilichora kama nilivyokuwa nikiona utotoni nikiwa uani: kilima, nyumba, na mama akitoka mlangoni kushuka kisimani, na sikushtuka.

Baba aliitazama karatasi iliyotoka mashineni.

"Mutale, huku haiko kwetu. Mama yako alikuwa anashukia kushoto."

Bamba jipya lingetaka siku nzima, na siku hiyo hatukuwa nayo.

"Papa, ni miye nilikosa."

Nikachukua kitambaa nifute wino kwenye bamba, ili tu nisimtazame. Akanishika mkono.

"Acha. Leta hii."

Akaliinamisha bamba kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye shaba kila kitu kilikuwa mahali pake. Akaweka kidole mlangoni, akateremka nacho polepole, kushoto, mpaka kwa mama. Hapo kikakaa.

"Jeanne," akasema. Hakuwa amelitamka jina hilo tangu tumzike.

Asubuhi kwenye uwanja wa ndege wa Luano, mkaguzi alilitoa bamba kwenye begi la baba.

"Papa, hii shaba munaipeleka wapi?"

"Mutoto yangu, mulima muzima balibeba, hakuna mwenye aliuliza. Miye nabeba kadogo, njo unauliza?"

Mkaguzi akaligeuza, akaona nyumba, akaona mwanamke anashuka. Akalirudisha mwenyewe na kufunga zipu.

Mimi nimebaki na karatasi. Nimeitundika ukutani, na jioni huitazama kupitia kioo cha kunyolea ambacho baba alikisahau. Humo mama anashuka kushoto, vizuri kabisa. Baba tu ndiye simwoni.