Nafasi ya Sauti ya Pili

Nianze na waliosema nimesahau mashairi. Sikusahau! Mimi Luhaga, fundi wa injini za mitumbwi hapa mwaloni Kirumba wavuvi wanakoshushia samaki, naimba muziki wa kantri tangu sijaota ndevu, na nyimbo zote tisa za albamu yangu nazijua kwa kichwa. Pale kwenye kiitikio ninaponyamaza likabaki gitaa peke yake, nimenyamaza makusudi. Pale ni pa Mihayo.

Mihayo ni mdogo wangu. Anakaa Kisesa, si mbali, ukitoka asubuhi chai ya saa nne unainywea huko. Tuliimba wawili miaka kumi na tisa, kwanza kwaya ya kanisani, halafu kantri kwenye mahoteli ya mjini, kofia pana vichwani, watu wakituuliza ng'ombe tumewaacha wapi. Mimi natoa mstari, yeye anaujibu kwa sauti ya pili, kwa chini. Makofi yakipigwa nilidhani ni yangu. Nilikuwa mjinga sana.

Mama alipofariki nilikuwa Bukoba, naimba kwenye harusi ya tajiri mmoja. Nilikwenda peke yangu kwa sababu Mihayo alikataa kumwacha mama taabani. Simu niliizima nisisumbuliwe jukwaani. Walinisubiri. Kwa ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza, kwa hiyo jeneza likakaa juani mpaka saa kumi na moja, wazee wakachoka, Mihayo akatupa yeye. Nilifika kesho yake, kofia kichwani. Hakunipiga. Alisema tu, "Kaka, sauti yangu hutaisikia tena."

Huu mwaka wa nane. Namba yangu ameifungia, na barua niliyompelekea kwa mkono wa mchungaji ilirudi haijafunguliwa. Sasa mtu kama huyo unamwombaje msamaha? Mimi najua injini na kantri, basi. Nikaenda studio.

Studio ni ya prodyuza mmoja, Alexander, chumba kimoja nyuma ya maduka ya Nyamagana, kuta zimefunikwa magodoro. Tulipofika kwenye kiitikio nikanyamaza. Akasimamisha mashine.

"Mzee vipi, umepotea?"

"Endelea kurekodi."

"Lakini hapa pako tupu. Nikuwekee sauti yako mwenyewe kwa kompyuta, niishushe kidogo, hakuna atakayejua."

"Mihayo atajua."

"Mihayo ndiye nani?"

"Aleki, fanya unavyoambiwa!"

Akafanya, huku ananung'unika kwamba jina lake lisiandikwe kwenye kazi mbovu. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Albamu ikatoka Juni. Queen, mtangazaji wa redio moja hapa mjini, akaupiga wimbo wa nne, ule wa msiba wa mama, kisha akasoma meseji za wasikilizaji. Mmoja kauliza kama studio umeme ulikatika. Mwingine kasema huyo babu apewe karatasi asomee. Queen alicheka mpaka akakohoa. Mimi niko mwaloni, redio ya muuza dagaa inasema yote hayo, wenzangu wananitazama. Nikajifanya natafuta spana.

Wiki mbili baadaye mambo yakageuka. Watu waligundua kwamba pale kwenye kimya unaweza kuingiza sauti yako, wakaanza kujirekodi TikTok wananijibu. Muuza chipsi wa Igoma, manesi watatu, mama mmoja anafua ziwani, jamaa na jogoo wake anayewika palepale panapotakiwa. Chalenji ikafika mpaka Dar. Queen akanialika redioni. "Mzee umetisha! Soko ulilijuaje?" Eti soko! Nikamjibu nashukuru, mwanangu. Alexander naye akawa anatangaza kwamba lile wazo la kimya lilikuwa lake.

Jamani, niseme ukweli. Kila nikitoka kazini nilikaa na simu mkononi nikawasikiliza wale watu mmoja mmoja. Mamia. Wengine wanaimba vizuri kuliko mimi. Lakini nilikuwa natafuta sauti moja tu, na haikuwemo. Sijawahi kuwa mpweke kama mwezi ule nilioimba na nchi nzima.

Jumapili moja mchana nikasema potelea mbali, nikaenda Kisesa.

Nilipoukaribia uzio wake wa minyaa nikasikia gitaa langu. Wimbo wa nne, sauti ya simu imefunguliwa mpaka mwisho. Nikajisikia naimba, "Mlinisubiri." Nikanyamaza. Na kutoka ndani Mihayo akajibu, "Tulikusubiri." Jibu hilo hakufundishwa na mtu. Sauti imezeeka, ina mikwaruzo, lakini ni yeye. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Kosa langu, nikapiga hodi wimbo haujaisha. Ndani kukawa kimya papo hapo. Akatoka Dorcas, mke wa Mihayo, anafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mihayo yupo?"

Akatazama chini. "Hayupo, shemeji. Katoka."

"Katoka saa ngapi?"

"Muda," akasema, machozi yanamlengalenga.

Ningeweza kuusukuma mlango. Luhaga wa zamani angeusukuma, tena kwa teke. Nikapaza sauti ifike ndani. "Basi akirudi mwambie kwenye 'tulikusubiri' anapanda mno. Ashuke. Zamani alikuwa anashuka."

"Nitamwambia."

"Na mwambie kaka yake alikuja."

Nilikuwa nimeshafika barabarani wimbo ulipoanza upya, kutoka mwanzo. Nikasimama kwenye vumbi. Bodaboda akanipigia honi, nikamwambia aende zake huko. Kikaja kiitikio, nikajisikia naimba, nikajisikia nanyamaza, na pale kwenye "tulikusubiri" Mihayo akashuka.

Wimbo ukaisha. Nikangoja. Mlango haukufunguka, na mimi sikurudi kubisha, nikaanza kutembea kwenda stendi.